Kila jioni namlaza Guru wa Biji, kanisani naambiwa nimeinamia sanamu

Mshauri, pokea salamu zangu.

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Makindu, na nafanya kazi za nyumbani hapa Nairobi. Mwajiri wangu nimekaa naye mwaka wa 15 sasa. Ni mjane wa Kisikh mwenye miaka 83, na sote tunamwita Biji, kama watu wao wanavyomwita mama mkubwa wa nyumba. Watoto wake wako Uingereza na Kanada. Nyumbani tumebaki wawili, pamoja na askari wa getini.

Wasikh sikuanza kuwajua Nairobi. Kwetu Makindu gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, iko karibu na reli, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tukitoka shule tunapita kula chapati na dengu. Hakuna aliyetuuliza dini wala kabila. Tuliambiwa tu tuvue viatu, tunawe, tufunge kitambaa kichwani na tusibakishe chakula kwenye sahani. Kwa hiyo nilipoletwa kwa Biji sikuona ugeni.

Katika nyumba hii kuna chumba ambacho halali mtu. Humo ndimo anamokaa Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufagia tu na kufua vile vitambaa vyake vya kufunikia, rumala, kwa beseni lake pekee. Kumfungua asubuhi na kumlaza jioni alikuwa akifanya Biji mwenyewe. Miaka miwili iliyopita Biji alianguka bafuni akavunjika nyonga. Tangu hapo hawezi kuinama wala kubeba. Kijana mmoja wa gurdwara alikuwa akija kumsaidia, lakini naye akaenda kusoma ng'ambo. Jioni moja mvua kubwa ilinyesha, hakuna mtu wa kuja, Biji akanitazama akasema, "Mwanangu, oga, uje."

Tangu siku hiyo ni mimi. Saa moja jioni naoga, nafunga leso safi, naingia peku. Biji anasoma sala ya usiku kwa moyo. Sielewi maneno, lakini najua inapoishia kwa sababu sauti yake hushuka. Kisha ananielekeza kwa mkono: funga polepole, kitambaa cheupe kwanza, halafu rumala. Naweka kitambaa kilichokunjwa kichwani, nambeba juu yake kwa mikono yote miwili, hatua tisa hadi kwenye kitanda chake kidogo. Ni mzito. Sisi Wakamba mzigo tunaubeba mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Kubeba kichwani nimejifunza ukubwani, na nilifanya mazoezi kwa mto siku tatu kabla sijaacha kutetemeka. Nikishamlaza, napiga magoti na kuinama mpaka paji la uso linagusa zulia. Biji hajawahi kuniambia niiname. Nilianza mwenyewe, kwa sababu niliona ni utovu wa adabu kusimama wima mbele ya mzee anayelia kwa kuwa magoti yake yamekataa.

Tatizo lilianza niliposimulia jambo hili kwa rafiki yangu wa kanisani. Mimi ni mweka hazina wa akina mama. Mchungaji aliniita. Alinisomea habari za Shadraka, Meshaki na Abednego waliokataa kuisujudia sanamu ya Nebukadneza. Nikajaribu kumweleza, nikasema, "Baba, nikishamlaza, anapumzika mpaka asubuhi." Akanikatiza: "Umejisikia? Kitabu kinalala? Umeshaanza kukiita mtu!" Sikuwa na jibu. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nichague, la sivyo sitashiriki meza ya Bwana.

Wakati huohuo binti wa dada yake Biji alikuja kutembea kutoka Kanada. Alinikuta nimembeba Guru, akashtuka. Walizungumza kwa Kipunjabi, sikuelewa, ila kesho yake aliniambia jikoni kwamba hiyo si kazi ya mfanyakazi, na mimi si wa dini yao. Biji hakula chakula cha mchana siku hiyo. Mgeni alipoondoka, Biji akasema tuendelee.

Nina makosa pia huko nje. Mwezi uliopita nilimpeleka Biji hospitali. Ana kitabu kidogo cha sala, gutka, nikakitia kwenye kiondo pamoja na ndala zake. Alipokiona hakusema neno. Alikitoa, akakifuta kwa mtandio, akakipakata mapajani safari nzima. Nilitamani gari lipasuke nitoke. Tulipofika mlangoni mashine ya kukagua ikalia, kwa sababu Biji huvaa kirpan, kile kisu kidogo cha imani yao, chini ya kanzu yake. Askari akaichomoa na kuiinua juu, akamwita mwenzake: "Njoo uone, nyanya amebeba kisu!" Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule.

La mwisho ndilo zito. Biji aliniambia, "Siku nikiondoka, usimwache Guru peke yake katika nyumba tupu. Mbebe wewe mpaka gurdwara." Nikasema ndiyo. Hata kiti amekataa; anakaa kwenye godoro chini kwa sababu hataki kuwa sawa kwa urefu na Guru, na kumwinua ni mimi na askari wa getini. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje hapana?

Nikiinama, nimemkana Kristo? Nikiacha kuinama, nimemdharau Biji? Na ile ahadi nifanyeje? Nisaidie.

Mama wa Makindu, Nairobi

Mshauri anajibu

Dada yangu,

Nilipofika pale kwenye kile kitabu kilichotiwa kiondoni pamoja na ndala, niliiweka barua yako chini kwanza. Umeandika kama mtu aliyekuja kuungama, na mimi nilichokuwa nikisoma ni habari za mtu aliyemtunza mzee wa watu kwa miaka 15. Nisingependa tuanze kwa kukuhesabia makosa. Kabla ya kukujibu nilikwenda kuzungumza na giani mmoja, msomaji wa Guru Granth Sahib katika gurdwara, na pia na mchungaji mstaafu ninayemwamini. Sikuwaambia lolote la kukutambulisha.

Kama nimekuelewa, unavutwa na watu watatu. Mchungaji anasema unafanya zaidi ya inavyokupasa, umevuka mpaka wa imani yako. Mgeni kutoka Kanada anasema vilevile kwamba unafanya zaidi ya inavyokupasa, lakini yeye anasema umevuka mpaka wa imani yao. Biji naye anaomba uendelee. Wote watatu wanazungumza juu ya mikono yako. Nimepitia barua yako tena na tena nikitafuta mahali ambapo mmoja wao amekuuliza moyo wako unasema nini unapoinama, sikupaona.

Hebu nianze na hilo neno sanamu, maana ndilo linalokunyima usingizi. Mwaka 1604 Guru Arjan, wa tano katika Maguru, yaani walimu wakuu, wa Wasikh, alikamilisha mkusanyo wa tenzi na kuuweka katika Harmandir Sahib, gurdwara yao kuu, mjini Amritsar, India. Wasikh husimulia kwamba mzee Baba Buddha ndiye aliyeubeba kichwani siku ile, na Guru Arjan mwenyewe akatembea nyuma akiupepea. Mwaka 1708 Guru wa kumi, Gobind Singh, kabla ya kufa kwake aliwaambia wafuasi wasitafute tena Guru mwanadamu. Guru wao tangu siku ile ni hilo Neno lenyewe lililomo kitabuni. Kwa hiyo ile dari ya kitambaa, mito, pepeo la manyoya, kitanda cha usiku na hatua zako tisa ni heshima ambayo watu wa Punjab walimpa mfalme barazani kwake, na Wasikh wanampa Guru anayewasemesha kupitia kurasa 1,430. Ndani ya kurasa hizo zimo pia tenzi za watu ambao hawakuwa Wasikh, akiwemo Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu, na maneno ya kwanza kabisa yanatangaza kwamba Mungu ni mmoja.

Giani alinionyesha pia mwongozo wa maisha ya Msikh, Sikh Rehat Maryada, ulioidhinishwa mwaka 1945. Unakataza kuweka sanamu ndani ya gurdwara. Unakataza kuinamia picha za Maguru, kupiga kengele na kuzungusha taa za ibada, kusugua pua ukutani, hata kukandakanda miguu ya kitanda anachokaa Guru au kuweka maji chini yake. Biji akisikia neno sanamu likitajwa kuhusu chumba kile, naamini atashangaa kuliko wewe.

Sikuelezi haya ili ukamshinde mchungaji wako kwa hoja. Hata kama kitabu si sanamu machoni pa wenyewe, Mkristo bado ana haki ya kujiuliza anainama mbele ya nani na kwa nini. Mchungaji aliyekuita ofisini na kukusomea Danieli anakujali. Wapo ambao wangekusema tu pembeni. Ninachotamani ni akusikilize mpaka mwisho, kwa sababu inaonekana aliishia kwenye lile neno "anapumzika."

Hapo nataka kukaa kidogo. Kiswahili chetu kinatulazimisha kuchagua. Ukisema "kimefungwa" umeshakiweka pamoja na viti na vyombo. Ukisema "amepumzika" umempa nafasi ya watu. Hakuna njia ya katikati. Kwa miaka 15 umekuwa ukizungumza na mzee ambaye kwake hicho si chombo, na ulimi wako ukafuata adabu ya nyumba. Mbona tunasema Mheshimiwa "amewasili" hata kama hatukumpigia kura? Lakini nawe ujiulize kwa utulivu, ukiwa peke yako: unaposema "amelala," unazungumza lugha ya Biji kwa heshima yake, au umeanza kuamini kama yeye? Majibu yote mawili yanawezekana, na lolote kati ya hayo halikufanyi mtu mbaya. Ila mazungumzo na mchungaji yatategemea ni lipi, na wewe pekee ndiye unayelijua.

Mchungaji mstaafu niliyemwendea alinyamaza muda mrefu, kisha akafungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Naamani, jemadari wa Shamu, amekwisha kuponywa ukoma na ameapa kutomtolea sadaka mungu mwingine ila BWANA. Halafu anakumbuka kazi yake. Bwana wake mfalme huingia nyumbani mwa Rimoni kuabudu, akimwegemea Naamani mkononi, na mfalme akiinama, Naamani naye hana budi kuinama. Anamwambia Elisha kwamba anaomba BWANA amsamehe kwa jambo hilo. Elisha angeweza kumwambia aache kazi, wala hakumwambia hivyo. Alimjibu, "Enenda kwa amani."

Yule mzee alinionya nisiitumie habari hii kama rungu. Naamani alikuwa ameegemewa, hakuanza mwenyewe. Tena alilisema wazi mbele ya nabii. Wale vijana watatu wa Danieli walilazimishwa kuabudu kwa amri ya mfalme, na hilo ni jambo jingine tena. Wewe hukulazimishwa na mtu, uliinama kwa huruma. Uko mahali fulani kati ya kurasa hizo mbili, na ungefanya vema kumpelekea mchungaji wako zote mbili badala ya moja.

Sasa, kuhusu kuinama kwenyewe. Umeniambia jambo ambalo huenda hukuliona ulipoliandika: Biji hajawahi kukuomba uiname. Nilimuuliza giani kama mgeni asiye Msikh analazimika. Alisema hapana. Mgeni hufunika kichwa, huvua viatu, huingia bila tumbaku wala kileo, hakai juu zaidi ya Guru wala hamnyooshei nyayo. Akitaka kuinama ainame, asipotaka akae chini kwa utulivu, na hakuna atakayemwona mkosefu wa adabu. Kwa hiyo ile njia panda uliyoichora, kwamba usipoinama umemdharau Biji, inawezekana umeijenga mwenyewe kwa moyo mwema. Huenda ukamlaza Guru, ukarudi nyuma hatua mbili, ukaketi kando ya godoro la Biji ukamshika mkono. Lakini naelewa kwamba ukiacha ghafla jambo ulilolifanya miaka miwili, Biji ataliona jioni ileile, na ukimya wako utamuumiza kuliko maelezo.

Nije kwa yule mgeni wa Kanada. Mwongozo niliokutajia unasema kwamba wakati wa mkutano wa ibada, anayekaa kumhudumia Guru awe Msikh, mwanamume au mwanamke. Unasema pia kwamba anayewasomea wengine awe Msikh, ingawa asiye Msikh anaweza kujisomea mwenyewe. Mgeni yule basi hakulizua jambo hewani. Chumba cha nyumbani chenye mzee mmoja mgonjwa si mkutano wa ibada, na giani niliyezungumza naye alisema angefurahi kwanza kwamba Guru hakuachwa wazi usiku, kisha angetafuta Msikh wa kuja kukupokea kazi. Giani mwingine anaweza kuwa mkali zaidi. Ila lile neno "si kazi ya mfanyakazi" nalitenga na hayo. Hilo halikutoka katika dini yao. Ulikula Makindu ukiwa mtoto; umeona mwenyewe kwamba kwenye langar, ule mlo wa bure wa gurdwara, tajiri na dereva wa lori wanakaa sakafuni mstari mmoja. Gurdwara ile imesimama tangu mwaka 1926, nao walioianzisha walikuwa Wasikh wa kazi za reli. Huenda mwanamke yule alisema vile kwa aibu tu. Fikiria umetoka mbali, umemkuta mtu asiye wa damu yenu anafanya lile ambalo nyinyi watoto wa nyumba mlipaswa kulifanya. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema uchungu wa aina hiyo mara nyingi hutafuta mtu wa kuangukia, na aliyekuwa karibu jikoni ni wewe.

Unaweza kufanya nini? Nitakuwekea njia ninazoziona, kila moja na miiba yake.

Unaweza kuendelea kama sasa na kukubali kukaa nje ya meza ya Bwana kwa muda. Utalinda amani ya Biji, lakini kanisa ndilo litakalokuzika na kuwafariji watoto wako; usilipoteze kwa kunyamaza tu, bila kueleza. Unaweza kuacha kabisa mwisho wa mwezi. Mchungaji atafurahi, nawe saa moja ya kila jioni utamsikia Biji akijikokota peke yake chumbani, na sijui kama dhamiri yako itapumzika kweli. Unaweza kuendelea kumbeba bila kuinama, ukamweleza mchungaji kwamba hii ni huduma kwa mgonjwa kama kumwogesha na kumgeuza kitandani. Njia hii inategemea uvumilivu wake, na yeye anaweza kuukataa mgawanyo huo.

Iko pia njia ya kuomba msaada gurdwarani. Kijana mmoja alikuja, kwa nini asije mwingine? Mara nyingi jamii haijui tu kwamba pengo lipo. Giani alinieleza kwamba wapo wazee ambao, wakishindwa na kazi ya kila siku, hukubali Guru Granth Sahib apelekwe gurdwara, wao wakabaki nyumbani na gutka kwa sala zao. Kwa afya ya Biji ni nafuu. Kwa moyo wake linaweza kuwa msiba, maana chumba kile kimekuwa na uhai miaka yote ya ndoa yake. Hilo lisitoke kinywani mwako wala mwa watoto wake kwa simu. Likitajwa, litajwe na giani anayemfahamu, akiwa ameketi chini karibu naye.

Huko nje, dada yangu, usijipige zaidi. Gutka ibebe kwenye kitambaa safi, katika mfuko wake pekee, juu ya vitu vingine, isiwekwe sakafuni wala kukaliwa, ishikwe kwa mikono iliyonawa. Biji alikufundisha yote hayo alipoifuta kwa mtandio bila kukugombeza. Kuhusu kirpan, tatizo lilikuwa kwamba askari aliiona kabla ya kusikia habari zake. Siku nyingine mtangulie. Mwambie pembeni, kwa sauti ya chini: mama huyu ni Msikh, amevaa kirpan ya imani yake kama walivyoagizwa, naomba tuzungumze na mkubwa wako faraghani, na mama mwenyewe ndiye atakayeishika. Piga simu hospitalini siku moja kabla. Wanaweza bado kuomba ibaki mahali salama kabla ya kipimo, na huo ni utaratibu wao. Biji aulizwe ni nani anamwamini aishike, na ipokewe kwa mikono miwili. Kuchekwa ndiko kulikomwumiza, na askari yule naye labda hajui zaidi ya neno Kalasinga, ambalo lilikuwa jina la mtu, mfanyabiashara Kala Singh, kabla hatujawabandika Wasikh wote. Unaweza kwenda kumweleza hata sasa. Bado yuko mlangoni pale.

Ahadi ya kumbeba mpaka gurdwara nilimuuliza giani kwa kirefu, nikijua ndiyo inayokulemea. Aliniambia Guru Granth Sahib hahamishwi na mtu mmoja kimyakimya. Husomwa kwanza dua yao ya ardas, na kwa desturi Wasikh watano husindikiza, mmoja akitangulia kunyunyiza maji njiani, na anayebeba huenda peku. Kwa hiyo hata Biji, akilifikiria vizuri, anajua kwamba hutaweza peke yako. Nadhani, na hapa nakisia tu, alichokuomba ni kwamba usiku ule kuwe na mtu nyumbani atakayepiga simu, atakayefunika kichwa na kukaa chumbani mpaka wenyewe waje. Hilo unaweza kulifanya ukiwa Mkristo kamili. Lakini usinisadiki mimi. Muulize yeye: "Biji, uliposema nimbebe, ulitaka iweje?" Nambari ya simu ya gurdwara iandikwe na kubandikwa jikoni, na watoto wake waambiwe.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu nililitafuta katika barua yako nikalikosa. Umezungumza na rafiki, na mchungaji, na mgeni, sasa na mimi. Biji hajui. Hajui kwamba kuna tarehe uliyopewa, wala kwamba kila jioni unatoka chumba kile na hofu. Umemlinda asijue, na ninaiheshimu nia hiyo, lakini mwanamke anayefuta kitabu kwa mtandio wake ili asikuaibishe mbele ya dereva si mwanamke wa kuvunjika kwa kuambiwa ukweli. Yeye pia anajua maana ya mtu kushika imani yake mbele ya watu wanaocheka. Huenda akalia. Huenda akasema, "Mwanangu, sikujua, kaa hapa karibu nami, kuinama niachie mimi." Huenda akasema jambo ambalo mimi na wewe hatujaliwaza. Chagua wakati wa asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai, umshike mkono.

Na lile la kiti lisingoje mwezi uishe. Giani alisema hakuna ubaya kuinua jukwaa la Guru, kwani gurdwara nyingi limeinuliwa. Mwite fundi seremala, apime kiti cha Biji, kisha atengeneze jukwaa la mbao imara, refu kuliko kiti kile kwa kiasi ambacho Biji mwenyewe ataridhika nacho, litandikwe shuka safi, na kitanda cha pembeni nacho kiinuliwe vivyo hivyo. Biji akiketi kitini bado atakuwa chini ya Guru wake, nawe na askari wa getini hamtamwinua tena sakafuni. Fundi avue viatu mlangoni na afunge kitambaa kichwani. Utamwonyesha wewe.